Jicho la Juu Limeona Kijani

Jumatatu, 10 Machi
Nimetoka kilabuni. Wote wanaisimulia vibaya ile mvua ya mawe. Eti ilipiga nusu saa. Nusu saa ya nani? Wao walikuwa uvunguni. Mie nilikuwa nje, ndoo kichwani, nikaiangalia mwanzo mpaka mwisho. Mawe kama mayai ya kanga. Ndoo ikatoboka, kichwa hakikutoboka. Mahindi ya hapa kijijini Mwimbi yote chali, kama walevi.

Lakini kijiji kina mie. Mwenyekiti wa kikundi cha bima ya mazao. Niliwaingiza wote kwa mdomo wangu huu huu. Sasa wananiamkia mara mbili mbili. Fidia ikija ndiyo mbegu na mbolea ya msimu ujao. Isipokuja, njaa.

Alhamisi, 13 Machi
Watu wanataka kulima ntumba. Kweli, ndiyo wakati wake. Udongo una maji, majani unayafukia kwenye tuta, yanaoza, mwakani unapanda juu yake.

Nimewakataza. Nimewaambia nimempigia simu binti wa bima mjini, kasema mashamba yasiguswe, watakuja kuona hasara kwa macho. Masanja, jirani yangu Msukuma, alitaka kuingiza ng'ombe. Nimemwambia ng'ombe hawajasaini mkataba. Watu wakacheka. Hakuna jembe lililoingia.

Jumatano, 9 Aprili
Hakuna aliyekuja. Magugu yamefika kiunoni. Mke wangu anauliza ntumba tutalima lini. Nimemwambia atulie. Hajatulia.

Jumanne, 6 Mei
Nimeenda Sumbawanga mwenyewe. Binti wa bima kaniamkia vizuri, kanipa kiti. Halafu kanimaliza.

Hakuna mtu wa kuja kukagua. Hakuwahi kuwepo. Kuna setilaiti inapita juu, inapima kijani cha eneo zima. Kijani kikishuka sana, fidia inatoka. Chetu kilishuka siku chache, kikapanda tena.

"Babu, ile haijui lipi hindi lipi gugu. Inaona kijani tu."

Nikamwambia basi kampuni itoe tu, mawe kila mtu kayaona. Akanieleza taratibu. Kampuni yake nayo imejikatia bima kwa wakubwa huko nje. Wanaiita bima mtawanyo. Janga likipiga watu wengi kwa pamoja, wale ndio wanaorudishia kampuni. Wanarudisha kwa namba ya setilaiti, siyo kwa maneno ya mzee. Na wao wamechoka. Mafuriko huku, moto kule, vimbunga. Msimu ujao watapandisha bei, au watatuacha kabisa.

Kumbe hata bima inaogopa mvua. Nikacheka pale kwenye kiti. Kwenye basi sikucheka.

Jumamosi, 10 Mei
Nimewaambia wanakikundi habari ya setilaiti. Nilijiandaa kwa matusi, mie matusi nayaweza. Wameanza kuhesabu magunia yaliyobaki nyumbani. Hilo siliwezi.

Fidia hakuna. Ntumba hakuna, udongo umekauka, jembe linadunda. Masanja hata sauti hakupandisha.

"Mzee, ng'ombe wangu wangemaliza yale magugu kwa siku mbili."

Nikasema kosa la binti, yeye ndiye aliyesema tusiguse. Wakakubali wote, haraka. Nikapumua. Kumbe nimejifungia mlango mwenyewe. Jumatatu wanakwenda mjini kumshtaki kwa bosi wake, afukuzwe, na mwenyekiti awe mbele. Nikienda, atanitazama machoni. Nikikataa, wataniuliza kwa nini.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikwenda. Kilabuni sikwenda. Nimekaa ndani, mlango nimeurudishia. Nje baridi na upepo. Mke wangu kaleta ugali na maharage, kaweka chini, katoka.

Ile simu sikupiga. Binti hakusema neno lolote kuhusu mashamba. Nilitaka tu wajue mwenyekiti wao ana watu mjini.