Digrii Nne Kila Asubuhi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kazi ya serikali — kazi! Wiki nane za mafunzo ya afya ya jamii, na posho juu. Tuliomba mia nne, tumechukuliwa kumi na wawili, na kati ya wote hao nimepangwa kituo kimoja cha afya na huyu kijana, mpinzani wangu wa chuoni. Mwaka wa nne udaktari. Koti jeupe limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Wagonjwa wanamwita dokta, naye anaitika! Mimi mwaka wa nne famasi, naitwa "wewe binti". Nimempa jina: Dokta Kesho.

Yeye kapewa kuzunguka mitaani na timu ya chanjo. Mimi nimepewa friji.

Jumanne, 3 Juni

Friji la chanjo liko stoo, nyuma ya maboksi ya glavu. Kazi yangu: kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pake, kusaini. Kati ya digrii mbili na nane, chanjo salama. Miaka minne ya kemia kwa ajili ya hili!

Muuguzi wa chanjo, mama mtu mzima, kanionyesha karatasi ya Mei. Nne, nne, nne, mwezi mzima, kalamu ile ile. Nikamuuliza anaandika saa ngapi. Akacheka. Eti mwanangu, hili friji halijawahi kuniaibisha. Ijumaa najaza mpaka Jumatatu, naenda zangu. Nilimwangalia kwa dharau, na najua aliona. Watu kama hawa ndio wanaoiua nchi.

Alhamisi, 5 Juni

Mratibu wa mpango kaja kutukagua. Kaisifia karatasi yangu mbele ya wote — safi, haijafutwafutwa. Kamwambia Dokta Kesho aige kwangu. Raha! Sura yake kama kameza kidonge bila maji.

Kisha akatuonya: atakayepika takwimu anaondoka siku hiyo hiyo, na barua inamfuata chuoni. Alikuwa anamtazama yeye. Na amtazame.

Ijumaa, 6 Juni

Binamu anaolewa kesho, shangazi kapiga simu mara tatu. Karatasi nimeijaza mpaka Jumatatu asubuhi. Mara moja tu. Na mimi najua ninachofanya, si kama yule mama.

Jumatatu, 9 Juni. Stoo.

Umeme ulikatika Jumamosi mchana, mtaa mzima. Umerudi alfajiri hii. Jenereta halikuwa na mafuta, na hakuna aliyekuja kuangalia, kwa sababu wa kuja kuangalia nilikuwa mimi. Kipimajoto kinasoma kumi na tisa.

Na leo ndiyo kampeni ya surua! Watoto mia mbili na zaidi.

Jumamosi nne. Jumapili nne. Leo nne. Mwandiko wangu, saini yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu — naona uchungu wake sasa.

Chanjo iliyopata joto haimuui mtoto. Haimkingi tu. Anarudi nyumbani, kadi imejazwa, mama yake ametulia. Hakuna atakayejua mpaka surua yenyewe ibishe hodi. Hakuna! Ndicho kinachoniogopesha, jinsi ilivyo rahisi.

Dokta Kesho kaingia na sanduku la baridi. Kagusa chupa moja kwa kidole. Kasoma kipimajoto, kasoma karatasi, kanitazama. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningemrudishia, ingekuwa ugomvi wetu wa kawaida. Kauliza tu, kwa upole wa kukera: "Nipakie, au nisipakie?"

Nikamwambia atoke, nahesabu chupa. Nimejifungia. Sijahesabu hata moja.

Namchukia! Namchukia kwa sababu angeweza kusema na hasemi. Ananiachia mwenyewe.

Dereva anapiga honi. Mratibu naye kafika, nasikia sauti yake hapo mlangoni, anauliza tunachelewa nini, joto la friji likoje.

Dokta Kesho kamjibu: "Karatasi inasema nne."

Karatasi. Hakusema friji.

Mratibu kasema basi, mnangoja nini, pakieni. Hakuna anayesogea. Ufunguo ninao mimi.