Mteja Aliyegonga Glasi Nikampa Kisogo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza ujue unamsaidia nani: mimi ndiye mhudumu bora aliyewahi kuzaliwa na mwanamke, nabeba sahani sita kwa mkono mmoja huku wa pili unapangusa meza, supu ikiniona inaogopa kumwagika, na shule niliyoiachia njiani sijawahi kuihitaji kwa sababu mteja namsoma toka mlangoni, akivuta kiti tu najua huyu ana adabu au kaja kunitesa.

Na wa kunitesa ni wengi. Kuna anayeisoma menyu kama ana mtihani, akimaliza anaifunga na kuniuliza, "Kwani mna nini?" Kuna anayeongea na simu huku kaniinulia kidole, nisubiri, nami nasubiri kama nguzo ya umeme, akikata simu ananiambia bado hajaamua. Kuna familia inayounganisha meza tatu bila kuuliza, wanaagiza chai moja na vikombe vitano, mtoto anapaka sosi ukutani na mama mtu anachekelea, "Huyu atakuwa mchoraji!" Sawa mama, na mfuta ukuta atakuwa nani? Lakini wabaya kuliko wote ni wale wa "pss pss" na wa kugonga glasi kwa kijiko, hao nina dawa yao, nawapa kisogo, napita ubavuni mwao macho juu kama natafuta utando wa buibui darini, waite mpaka wachoke, na jikoni wananiita Profesa kwa ufundi huo.

Sasa tatizo. Mpishi wetu wa zamu ya mchana ni binti ninayetaka kumwoa, naye kakubali, ila akasema lazima kwanza baba yake anione. Juzi ukumbi umefurika, akaingia mzee mmoja mwenye koti na skafu, akakaa meza ya dirishani, salamu hakunipa, akaanza kugonga glasi. Nikampa kisogo. Akagonga tena. Nikahudumia meza zote za jirani, hata waliomkuta amekaa. Alipozidi nikachukua kijiko na mimi, nikasimama mbele yake, nikamgongea trei karibu na pua, nikamwambia, "Mzee, hapa si zizini, mdomo umeusahau nyumbani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikainama kama msanii jukwaani.

Mzee akashusha skafu. Ana kovu kooni, mshauri, alipasuliwa, sauti hana. Na mpishi wangu alikuwa ametoka jikoni na sahani aliyompikia baba yake kwa mkono wake, kaona yote. Aliiweka sahani kaunta, akamshika mzee mkono, wakatoka nje.

Tangu hapo hasemi nami. Nikifuata oda jikoni anawaambia wenzangu, "Mwambieni huyo sahani zake ziko tayari," na huyo mwenyewe nimesimama pua kwa pua naye! Nimemtumia ujumbe wa kuchekesha mara kadhaa, hakucheka. Nifanye nini acheke? Kwani mimi ningejuaje, kovu lenyewe lilikuwa limefunikwa.

Basi, niseme lote. Aliniambia. Tulikuwa tunamenya viazi, akanieleza kwamba baba yake hana sauti na akitaka kitu hugonga. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kumsimulia habari za mteja niliyemkomesha asubuhi ile. Nikaitika "ehe, ehe", sikushika hata neno moja.

Profesa wa Trei

*

Profesa,

Nimecheka kwenye sosi, nikakoma kwenye glasi. Nikupe kwanza haki yako: anayelipia chai hanunui na utu wa anayeileta. Nanyi wasomaji mnaomwita binadamu kwa mluzi, msijifiche nyuma ya gazeti. "Tafadhali" na "asante" haviongezwi kwenye bili.

Sasa wewe. Unataka umchekeshe? Umeshachekesha ukumbi mzima kwa mgongo wa baba wa watu, inatosha. Hata angekuwa na sauti ya tarumbeta, mzee hagongewi trei puani. Naamini unaumia, mwanangu, na kumpenda unampenda. Ila kinachomchoma binti huyo si trei peke yake. Alikukabidhi siri ya maumivu ya nyumbani kwao, ukaipokea kama yule wa simu anavyoipokea huduma yako.

Ujumbe wa vichekesho uache leo. Mfuate ana kwa ana, si mbele ya wapishi wengine, umwambie ulichoniambia mimi mwishoni: "Uliniambia, sikusikiliza." Usitie "lakini". Akikuruhusu, nenda kwao na mtu mzima wa kwenu, mjomba au baba mdogo, siyo rafiki wa kukupigia makofi. Mbele ya mzee usipayuke. Alichopoteza ni sauti, masikio anayo. Omba radhi kwa maneno machache, halafu nyamaza. Atakujibu kwa mikono, taratibu, na wewe usimmalizie wala usimgeukie binti akutafsirie upesi upesi. Keti umtazame mpaka amalize.

Akikukataa, shika adabu yako na urudi kazini, na binti yake abaki kuwa mpishi kwako, basi. Akikupokea, ujue unaingia nyumba ambayo baba haiti mtu kwa mdomo. Akigonga meza, uwe wa kwanza kuinuka.