Unene wa Ukuta wa Ghala

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu wewe na wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Natumaini kifua chako kimepona. Huku tu wazima. Mwanangu anaota meno na ameamua kwamba nyumba nzima tusilale, kwa hiyo ukiona mwandiko unakwenda upande ujue nimempakata. Baba naye hajambo, ila macho. Sasa anatofautisha dirisha na ukuta, basi.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulipopiga simu sikukujibu vizuri. Nilikuwa nafua, povu hadi viwikoni, na mtoto analia. Ulisema nimzuie mzee asijiaibishe, nami nikasema nitaona. Sasa nimeona.

Nikueleze kwanza lilivyotokea, maana umesikia nusu tu. Wewe unajua kuliko mimi jinsi baba alivyosukumwa huku na huku kazini. Watu wa hisabati walimwambia yeye ni mpiga hadithi, aende kwa wanahistoria. Wanahistoria nao wakasema anawatisha wanafunzi kwa namba, arudi alikotoka. Miaka mingi meza yake ilikaa kwenye korido kati ya idara hizo mbili, karibu na mlango wa choo, naye akijisifu kwamba hakuna mkubwa asiyepita kumsalimia. Wanafunzi walimwita Mzee Kokoto, kwa sababu hakukubali kuandika neno juu ya hesabu ya kale kabla hajaifanya kwa mikono yake kama walivyoifanya wenyewe: kwa kokoto, kwa vijiti, kwa kamba. Mama alikuwa akikuta vigingi vimechomekwa uani, anauliza mbuzi wenyewe wako wapi.

Hesabu moja tu hakuifanya hivyo, nayo ndiyo iliyompa jina. Ni ile ya ghala la mviringo. Karani wa kale alizungusha kamba kwenye ghala, akapima na kimo, kisha akaandika nafaka itakayoingia. Baba akapiga hesabu kwa kalamu, akaona karani ameandika nafaka kidogo mno, akatangaza kitabuni kwamba karani alikosea na watu wa wakati ule hawakulijua duara sawasawa. Alikuwa na haraka. Ni wiki niliyozaliwa mimi, mama yuko hospitali. Kitabu kikasifiwa, baba akapewa ofisi yenye mlango, na wewe baadaye ukajenga tasnifu yako juu ya sura hiyo.

Sasa chuo kinataka kukichapa upya na kumfanyia sherehe. Baba akaniomba nimsomee chote kabla hakijakwenda mtamboni. Nikawa namsomea huku nanyonyesha, maneno mengine nayavunjavunja, naye ananirekebisha taratibu. Tulipofika kwenye ghala akanisimamisha, akauliza kama hesabu hii aliifanya kwa mikono. Nikamwambia mimi nitajuaje, na ndio kwanza nilikuwa nazaliwa! Akacheka. Akataka uzi, kile chungu kinene kilichosimama wima kama pipa, na maharagwe. Nilinung'unika, maana yalikuwa ya kupika.

Tukazungusha uzi, akapiga hesabu kichwani, akanitajia vikombe vitakavyoingia. Nikamimina, chungu kikajaa mapema. Akasema nimemwaga. Nikasema sikumwaga hata punje. Tukarudia, kikajaa palepale. Ndipo akashika mdomo wa chungu, kidole gumba ndani, cha shahada nje, akaupapasa unene wake kuzunguka chungu chote. Kisha akasema kamba hupita nje, nafaka hukaa ndani. Karani alikuwa ametoa unene wa ukuta, wala hakuandika, kwa sababu kila mtu wa wakati wake aliujua. Baba akasema amemwita mjinga mtu mkweli mbele ya dunia nzima, na mtu mwenyewe hawezi kujitetea. Siku hiyohiyo akaanza kunitamkia masahihisho, yaingie kitabuni na yasomwe siku ya sherehe.

Kaka, hoja zako nilizisikia. Kwamba kitabu kichapwe kwanza, kwamba uprofesa wako unajadiliwa mwezi ujao, kwamba hakuna atakayegundua. Sikudharau. Najua ulivyosota, na najua utaulizwa maswali magumu. Lakini mimi ndiye ninayeshinda naye. Kinachomkosesha raha si upofu, ni kitabu kutoka tena na kosa lile huku watu wakimpigia makofi. Hilo siwezi kumfanyia, hata kwa ajili yako.

Na liko jambo sijakuambia. Siku ile kwa sababu ya povu nilikuweka kwenye spika, na baba alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia yote, hata uliposema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Aliningoja nimalize kuanika. Akaniambia nichukue kalamu, nami nikajua leo umekwisha. Kumbe alitaka kuongeza sentensi moja kwenye masahihisho yake: kwamba mwanawe aliitegemea sura ile kwa sababu alifundishwa na baba yake, hivyo wa kuulizwa ni baba. Halafu akasema siku ya sherehe angependa uyasome wewe. Nikamwambia hutakubali. Akanikemea, akasema nikuulize, nisikujibie.

Basi nakuuliza. Masahihisho nimeyapeleka leo asubuhi mwenyewe kwa mhariri, kwa hiyo usihangaike kunishawishi, yataingia kitabuni. Kilichobaki ni sauti. Ukija, karatasi ni yako, na baba atakaa karibu nawe. Usipokuja, nitapanda jukwaani mimi na mtoto mgongoni, niyasome yote hadi mwisho, na nikivunja maneno wacheke watakavyo.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na dawa ya kifua umalize, usiiachie njiani kama kawaida yako. Baba anakusalimu. Amesema nisiongeze neno jingine kwenye salamu zake, nami nimemtii.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako, kitindamimba