Rimal ya Damaris, Laini Moja Tu

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mkutano asubuhi kabla ya kufungua duka. Nick, msimamizi wetu, amekuja na karatasi kutoka ofisi kuu. Wakubwa wanabishana: simu ya Rimal iendelee kutumia laini yetu ya Wasla peke yake, ama iruhusiwe kwa laini zote za hapa Doha? Watu wanaipenda Rimal, wanaichukia Wasla. Kwa hiyo tuulize wateja na tuandike majibu yao.

Benard, mwenzangu wa kaunta, akauliza swali lililokuwa kooni mwetu sote. Rimal ikiuzwa kila mahali, nani atakuja kwetu hapa Abu Hamour? Na visa zetu je, si zimefungwa na kazi hii? Nick akasema tusianze matanga kabla ya mtu kufa.

Kisha notisi ya pili, hii ya kimyakimya. Kuanzia leo, mteja aliyemaliza mwaka na Rimal, akiomba mwenyewe, afunguliwe simu aweke laini anayotaka. Akiomba! Asipoomba, tunyamaze. Nimetia sahihi kwamba nimesoma.

Nilimfikiria Damaris, mteja wangu wa kila Ijumaa, papo hapo. Simu yake ilimaliza mwaka tangu Juni.

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Damaris alifika saa saba na nusu kutoka kanisani, Biblia ndani ya mfuko wa supamaketi. Anamhudumia bibi mmoja mzee kule Muaither — kumlisha, kumwogesha, kumgeuza. Binti wa yule bibi ndiye aliyemnunulia Rimal wakati wa Idi mwaka jana, na muuzaji nilikuwa mimi. Simu nzuri. Lakini chumba cha Damaris na bibi kiko nyuma kabisa ya nyumba, na Wasla haifiki huko. Laini zingine zinafika. Wi-Fi ya nyumba nayo hawajampa neno la siri. Simu yake ya zamani alimtumia dada yake Jerusha kwa mkono wa mtu wa kwanza aliyepanda ndege. Sote tunafanya hivyo! Mpya ikija, ya zamani inaenda nyumbani, hata hatufikirii mara mbili.

Basi kila Ijumaa anakaa kwenye stuli yangu, anatumia Wi-Fi ya duka, anaongea na mama yake huko Nyamira. Mama ana figo mbovu, wiki moja nyumbani, wiki moja wodini. Wanaongea saa nzima. Mimi najifanya kupanga kava za simu. Ndiyo saa yangu nzuri kuliko zote katika wiki, nisijidanganye.

Nilimuuliza lile swali la ofisi. Rimal ifunguliwe kwa laini zote? Akacheka. "Ifunguliwe hata leo! Kwani simu ni mbuzi, mnaifunga kamba?" Kisha akasema hayo lakini ni mambo ya wakubwa, si yako Arnold, wewe ni wa kuuza tu.

Hakuomba. Alitoa maoni. Si kitu kimoja. Nimeandika "ndiyo" kwenye orodha na nimefunga mdomo.

Jumanne, 11 Novemba 2025

Siku yangu ya off. Wenzangu wa chumba wote wako kazini, huku Umm Salal tunakolala ni kimya. Maoni mpaka jana: thelathini na moja wanataka ifunguliwe, watatu wanataka iachwe. Hao watatu ni Nick, Benard na mimi. Benard anasema hata sisi tunanunua chaja hapo, kwa hiyo ni wateja.

Simu yangu imelala kando ya mto siku nzima, chaji mia. Nina laini mbili, nina Botim ya kupigia nyumbani kwa intaneti, nina kila kitu. Nani anipigie? Mama nilimzika kabla ya kuja huku. Ndugu yangu ananiandikia "niaje" mara moja kwa mwezi, namjibu "poa", basi. Miaka minane nikiuza simu, na sina mtu wa kumpigia! Ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Nimepika wali, nimekula nusu.

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Ameniletea chapati nne kwenye foil. Nne! Alizipika alfajiri bibi akiwa bado amelala.

Mama yake alikuwa na nguvu leo. Damaris aliweka spika, nikasikia mama akiuliza huyo mwanamume anayekohoa hapo ni nani. "Ni Arnold, mama, wa duka la simu." Mama akasema, mwambie asante kwa kunitunzia mtoto. Akaniita mwanangu. Nilienda stoo nikasimama kidogo katikati ya maboksi mpaka macho yakakauka.

Niliporudi maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Damaris, simu yako inafunguka, ni dakika chache tu. Lakini alikuwa ameshainuka na mfuko wake. "Haya Arnold, tuonane Ijumaa." Hilo "tuonane Ijumaa" ndilo lililonimaliza. Nikasema haya.

Simu ikifunguliwa, atakuja hapa kufuata nini? Kava? Niandike ukweli basi, hapa hakuna anayesoma. Visa ni kisingizio. Ninachoogopa kupoteza ni hiyo saa moja.

Jumatano, 19 Novemba 2025

Muuguzi mmoja, Fiona, mtu wa Kampala, aliingia akauliza moja kwa moja. Nina mwaka na nusu na hii Rimal, mnafungua? Nikafungua. Dakika nne! Akaweka laini nyingine, ikashika, akasaini haraka akaenda zake. Hata kuketi hakuketi.

Benard alikuwa anatazama. Akaninong'oneza, "Kwani yule dada yako wa Ijumaa hajamaliza mwaka?" Nikamwambia hajauliza. Alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Ijumaa hii namwambia. Nimeandika ili nisigeuke.

Ijumaa, 21 Novemba 2025

Hakuja. Stuli ilikaa pale mpaka tukafunga. Namba yake haipatikani — na kati ya watu wote wa Doha, mimi ndiye ninayejua kwa nini.

Jumapili, 23 Novemba 2025

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa nimesimama stoo, daftari juu ya boksi.

Damaris amekuja na dereva wa nyumba, bado amevaa sare ya kazi. Ijumaa bibi alikuwa na wageni, kwa hiyo hakupewa off. Na tangu Jumatatu Jerusha alikuwa anampigia! Mama alizidiwa. Siku tatu nzima mama alikuwa bado anaongea, akiuliza mbona Damaris hashiki simu, amekasirika na nani. Alhamisi wakamwekea mashine ya kupumua. Hawezi kusema tena. Jumbe zote zimemfikia Damaris leo asubuhi kwa mpigo, langoni, akitoa takataka na simu mfukoni.

Jioni Jerusha ataingia wodini amwekee mama simu sikioni. Daktari amesema huenda anasikia. Lakini jioni Damaris anakuwa na bibi huko nyuma.

"Arnold, tafadhali. Hakuna vile unaweza kufungua hii kitu? Naomba."

Ameomba. Nikasema njia iko. Nimefungua, nimemwekea laini mpya, imeshika vizuri. Akalia. Akanishika mikono yote miwili akasema Mungu akubariki Arnold, najua umehangaika kwa ajili yangu. Nami nikaitikia amina! Nilitamka kabisa.

Kisha printa ikatoa fomu. Mteja lazima asaini, la sivyo ikifika saa sita mchana simu inajifunga tena. Ya Fiona sikuitazama, nilimpa kalamu tu. Hii nimeisoma. Mstari wa tatu, herufi nzito: simu iliruhusiwa kufunguliwa tangu 2 Novemba 2025. Chini yake: mhudumu aliyejulishwa siku hiyo. Chini yake jina langu.

Na Damaris anasoma kila karatasi kabla ya kusaini. Aliniambia zamani — mkataba wa kuja huku alisaini bila kusoma, hatarudia kosa hilo tena maishani. Nimemwambia subiri, naenda stoo kutafuta kalamu, na fomu nimekuja nayo. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.

Nifanye nini? Nimwambie kwanza mimi mwenyewe, kabla hajafika mstari wa tatu? Niseme nini — kwamba nilitaka uwe unakuja? Mama yake aliniita mwanangu. Siku tatu alikuwa anauliza.

Dereva anapiga honi. Nick amechungulia mlangoni, anauliza kuna shida. Nimesema hakuna.

Sasa ni yeye anaita, kwa ile sauti yake ya upole.

"Arnold, acha kuhangaika. Kalamu nimepata kwa Benard. Leta tu hiyo karatasi."