Kalipa, Kutu na Chupa ya Posa Yangu

Jumanne, 11 Juni

Breki ya mbele ya pikipiki inalia tena. Leo pale kona ya kanisani hata bibi waliokuwa wanasali wamegeuka. Kesho nazifungua kalipa zote mbili, vile vibano vya breki. Simpi fundi yeyote! Wa mwisho alisahau kurudisha pini ya pedi, nami nikaamka hospitalini Čačak siku nne baadaye. Mwaka wa tatu huu. Tangu hapo breki zangu nazisafisha mwenyewe, barazani, kwa mswaki na redio.

Vukan kapiga simu. Jumapili analeta wazazi. Rasmi! Wanakuja kuposa.

Nikamwambia baba akiwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama. Jumapili hii? Ndiyo, baba, Jumapili hii. Akasema si wangesubiri plamu ziive kwanza. Plamu huiva mwisho wa Agosti! Nina miaka thelathini na minne. Wenzangu wana watoto wa kuvunja madirisha ya watu. Vukan ni mwalimu wa jiografia, mpole, ananipenda na pikipiki yangu. Baba anataka nini tena?

Nilidhani angekimbilia ghalani chini kuifuta vumbi ile chupa. Siku niliyozaliwa aliweka kando chupa ya rakia, pombe yake kali ya plamu, kama kila baba hapa kijijini, isiguswe mpaka nije kuposwa. Miaka yote hiyo kanitania nayo. "Chupa inazeeka, Dunja, nawe unazeeka, yeye tu ndiye anayezidi utamu!" Leo hakuitaja hata kidogo.

Pua imeziba. Mafua ya Juni — aibu. Baba atanilowekea soksi kwenye rakia, nilale nazo.

Jumatano, 12 Juni

Soksi hazikusaidia. Sinusi kitu, hata kitunguu.

Kazi imeanza vizuri. Kalipa nimezining'iniza kwa waya, mpira wa mafuta usivutike. Pedi nje. Nikabonyeza breki taratibu, pistoni zitokeze kidogo tu — mwaka juzi nilibonyeza kwa pupa, moja ikaruka, mafuta ya breki yakaua waridi mbili za marehemu mama. Masizi! Uchafu wa kipupwe kizima.

Baba kaketi kwenye benchi kunisimamia.

"Unazisugua hivyo kama meno ya bwana harusi."

"Bwana harusi ana meno mazuri, baba. Utayaona Jumapili."

Akainuka, akaenda kwenye nyuki wake. Hampendi Vukan. Sasa nina hakika, na imeniuma.

Kalipa ya pili, dawa ya kusafishia ikaisha. Duka limefungwa. Nikakumbuka rakia ya mkondo wa kwanza, ile inayotangulia kudondoka mtamboni. Hainyweki, inatoa machozi. Tunasugulia vifua na vioo vya madirisha. Grisi itafua dafu? Nikashuka ghalani. Chupa thelathini, hakuna hata moja iliyoandikwa. Baba husema anazijua kwa sura, kama kondoo. Nikachukua ya pembeni kabisa, nyeupe pe. Nusu nzima nimeimwaga kwenye kalipa. Haikung'oa masizi kama nilivyotarajia, ila nimesugua. Nimeziacha zikauke hadi asubuhi.

Alhamisi, 13 Juni

KUTU! Pini zote nyekundu. Pembeni mwa pistoni utando wa kutu. Toka lini rakia ikaleta kutu? Inakauka kabla hujasema amina.

Nikairudisha chupa mahali pake. Rafuni kuna uzi mwekundu, umetafunwa na panya. Na kikaratasi. Mwandiko wa mama. "Dunja, 3 Mei 1990."

Nimekaa chini sakafuni.

Nimesafishia breki chupa ya posa yangu!!

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala vizuri. Ila pua imezibuka — nasikia harufu ya maua ya mti wa mlinde, ya kahawa, ya nyuki wa baba hata.

Nikaenda kuinusa ile chupa. Hakuna kitu. Nikaionja. Maji! Maji ya kisima, ya baridi, hata dalili ya plamu hakuna. Ndiyo maana ya kutu! Nikacheka peke yangu mle ghalani, kisha kicheko kikakatika. Maana nani ana ufunguo wa ghala? Mimi na baba. Na mimi siyo.

Chakula cha jioni baba hakula. Ghafla akatangaza kwamba chupa ile ni ya harusi, si ya posa. Kanuni ni kanuni. Kanuni gani hiyo, baba, nimeisikia leo? Halafu akauliza kama babake Vukan ana vidonda vya tumbo, asinywe kabisa. Hana. "Pole yake," akasema.

Kumbe siyo Vukan! Mzee ana hofu. Kainywa chupa ya bintiye, na Jumapili watu watamwona. Hapa mtu anaweza kuuza ng'ombe, shamba, hata akauza nyumba, watu watasahau. Chupa ya binti hawasahau. Yupo mmoja ng'ambo ya mto, mpaka leo wanamwita Koo.

Nimemkasirikia. Si kwa rakia. Alikata tamaa nami? Aliniangalia siku moja akasema huyu haolewi, basi tunywe?

Jumamosi, 15 Juni

Nimeng'arisha pini kwa sufu ya chuma, nikapaka grisi kidogo, pistoni nimezirudisha kwa kidole gumba. Pedi ndani, kalipa mahali pake. Nikazungusha gurudumu — kimya. Kimya kitamu! Angalau kuna kitu kimoja nyumba hii kinachofanya kazi.

Kisha kwa jirani, shangazi Desanka, kuomba rakia. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa baba wa chanda na pete. Nikamwambia nataka lita moja, nzuri, nyeupe, asiniulize.

Akaniuliza. Nikamwambia yote.

Alicheka hadi akashika meza. Halafu akaacha. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwepo." Ile siku nilipofungua macho hospitalini, baba alirudi jioni, akapitiliza ghalani, akaja kwao na chupa mkononi. Siku nne alikuwa hajala. Mumewe akamwambia baba, Radojko, una wazimu, hiyo ni ya posa ya mtoto! Baba akamjibu, "Mtoto wangu kaniita baba leo. Nisubiri posa ipi kubwa kuliko hii?" Wakainywa yote wawili, wakiimba na kulia. Asubuhi akaenda kisimani kuijaza.

Shangazi akanijazia lita yangu na kunifuta uso kwa aproni yake.

Nimemwaga maji yaliyobaki, nimeijaza chupa. Nimefunga kikaratasi cha mama kwa uzi mpya. Baba sijamwambia — nikimwambia atajua kwamba najua, na uso atauweka wapi? Kesho atamimina tu, ataona mwenyewe, tutanyamaza wote wawili. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

Jumapili, 16 Juni

Ninaandika jikoni, nimekuja kuchukua tambara la kupigia deki.

Wamefika saa sita. Vukan kavaa tai, maskini. Mamake kaleta keki ya walnati. Babake, mzee Tihomir, hata hajakaa vizuri: "Bwana Radojko, tumesikia kuna chupa hapa!" Baba akasema tuanze na kahawa. Tukanywa kahawa. Akasema tuongeze kahawa. Akawaonyesha nyuki. Akawaonyesha nyuki tena. Mzee Tihomir: "Nyuki ni wazuri, lakini koo ndilo limekauka!"

Baba akainuka kama anaenda kunyongwa. Nikataka kumfuata. Akanikataza kwa jicho.

Tukasikia, "Ole wangu!" Kisha — kisha! — mlio wa chupa kuvunjika. Kwa mpangilio huo.

Nikashuka mbio. Yuko ngazi ya chini kabisa, vigae kila upande, uso umejiandaa kwa huzuni. Halafu harufu ikapanda. Plamu! Ghala zima! Nikaona pua yake ikicheza. Akainama, akachovya kidole, akakilamba. Akaniangalia.

Juu yetu mzee Tihomir amejishikia kichwa. "Miaka thelathini na minne! Isikilizeni harufu hiyo! Rakia ya namna hii haipikwi tena duniani!" Ilipikwa na shangazi Desanka Oktoba iliyopita.

Baba akaketi kwenye ngazi, suruali ya sikukuu ndani ya rakia. Akaniuliza polepole, wao wasisikie, "Nani kakwambia, Dunja?"

Nimesema naleta tambara.

Bado yuko pale. Namsikia hapa nilipo. Mamake Vukan anamwambia pole, bwana, usilie kiasi hicho, chupa ni chupa, mtoto si yupo? Na baba anajibu, "Yupo. Yupo!" — anacheka au analia sijui — na wote wanangoja ainuke awape jibu la posa.