Nane ya Koleta

Jumamosi, Itetemia. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekaa tu, hayafanyi kazi. 

Mjukuu wangu Koleta, mwenye miaka mitano, Jumatatu atapimwa akili. Shule moja ya hapa mjini imeanzisha darasa la watoto wenye vipaji, na kuingia ni kwa mtihani. Mama yake, mkwe wangu, anasema nafasi hii hairudi. Basi kuna twisheni ya kuwaandaa. Watoto wanafundishwa kuwa na kipaji.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Bado inanuka.

Leo nilimpeleka mimi. Watoto walikaa sakafuni, mwalimu kijana kashika simu inayohesabu sekunde. "Haraka! Anayefikiri sana anaachwa!"

Akawaambia waonyeshe nane kwa vidole. Wenzake wakanyoosha mkono mzima na vidole vitatu vya mkono wa pili. Koleta akanyoosha vinne huku na vinne huku, bila wasiwasi, kama nilivyomfundisha.

"Wewe, hiyo siyo nane."

"Ni nane," akasema Koleta. "Hesabu."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakuhesabu. Alimkunjua kidole gumba cha kulia, akamkunja kidole kimoja cha kushoto. "Ukionyesha ile yako Jumatatu, umefeli."

Kisha akanigeukia. "Shikamoo babu. Haya ya kijijini tuyaache kijijini, au siyo?"

Nikaitikia marahaba. Nikacheka naye. Kicheko kile ndicho kinachonichukiza kuliko yote.

Nane ya Koleta ni ya mama yangu. Tulipotoka Burundi kwa miguu, nikiwa mdogo, alinifundisha njiani: sita ni tatu na tatu, nane ni nne na nne. Alisema vidole hakuna atakayetupokonya. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu hatujui Kiswahili, tukawakuta Wanyamwezi sokoni wanahesabu vivyo hivyo. Tuliuziana mihogo kwa mikono kabla hatujajua kusalimiana. Wapagazi wa lugha zote walipita nchi hii na mizigo yao, na sidhani kama kuna aliyeambiwa nane yake ni ya kijijini.

Jioni mkwe wangu aliweka bakuli mezani. "Koleta, kuku wametaga mangapi leo?"

Mtoto aliyatazama mayai. Akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Akanigeukia mimi.

"Babu, wanataka mangapi?"

Yalikuwa sita.

Kesho tukitoka misa nitamwambia mama yake kwamba twisheni imekwisha. Atanuna, na ana haki ya kununa. Mtihani Koleta afanye, na nane aonyeshe anayoitaka mwenyewe. Lakini kwanza nataka mikono ile itoke pale ilipofichwa.