Namba Niliyoijaza Mimi

Jumapili jioni, Lushoto. Mwezi wa saba.

Ukungu haukuinuka leo. Nimekaa jikoni karibu na mkaa na bado nasikia baridi. Ngoja niandike kabla sijapata sababu ya kunyamaza.

Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye kituo kimoja cha afya. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa mafaili ya karatasi, kabati la chuma na ufunguo mmoja ambao nilitembea nao mfukoni. Mwaka jana tukaletewa kompyuta. Nilifurahi, sitadanganya. Mgonjwa wa Shume akiugulia Korogwe, daktari wa kule anafungua na kuona vipimo vyake na dawa anazotumia, bila mtu kusimulia upya maradhi yake. Niliwahi kuona kadi za wagonjwa zimeliwa na mchwa. Nilijua tunachokimbia.

Kuna dada mmoja, nitamwita Zaina. Jina lake la kweli nimeshalitoa nje mara moja, inatosha.

Zaina ni mkulima wa karoti, ana mtoto mmoja. Alikuwa akija kwetu kuchukua dawa za virusi vya UKIMWI. Alitembea akivipita vituo viwili vilivyo karibu naye, ili afike kwetu ambako hakuna aliyemjua. Mumewe yuko kibaruani mbali, alikuwa hajaambiwa. Nesi wetu alikuwa akimwandaa Zaina amweleze mwenyewe, mume atakaporudi Idi.

Siku nilipohamisha faili lake, kompyuta ilikataa kuhifadhi bila namba ya simu. Zaina hakuwa na simu. Ningeweza kuliweka pembeni nikamuuliza siku ya kliniki. Lakini mafaili yalikuwa yamejaa mezani na nilitaka kumaliza. Nikachukua kadi yake ya zamani ya ujauzito, nikakuta namba imeandikwa pembeni, ya kupigiwa uchungu ukimzidia. Nikaijaza. Ikakubali.

Ilikuwa ya shemeji yake.

Hakuna aliyeniambia kwamba baadaye mfumo ungeanza kutuma ujumbe wa kukumbusha. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sikuuliza namba hizo ni za nini.

Sisi kituoni tuliona tu kwamba Zaina hakuja. Mwezi mmoja ukapita, na wa pili. Nesi akamtuma mhudumu wa jamii. Alhamisi akarudi na habari: ujumbe ulikuwa na jina lake, kliniki, na siku ya dawa. Shemeji aliusoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, Zaina akiwa palepale anaosha karoti za sokoni. Wiki hiyohiyo wakamrudisha kwao, chini huko tambarare, upande wa Magoma. Kijiji sikitaji.

Wenzangu wakasema mfumo umekosea. Nami nikaitikia.

Leo nimeteremka. Nesi alinipa dawa za mwezi nimpelekee, akidhani naenda kwa huruma tu.

Mama yake alikuwa nje anasonga bada, ugali wa muhogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimetoka juu. Zaina alikuwa amekaa kizingitini. Amekonda.

"Ile namba niliijaza mimi," nikasema.

"Wewe? Si ndiwe uliyekuwa ukiniita kwa namba ya faili, watu wasisikie jina langu?"

"Ndiyo mimi."

"Na mimi nilikuwa nakuombea dua."

Aliniambia mumewe amehadithiwa kwa simu na kaka yake, yule shemeji, na tangu hapo hajamtafuta. Mtoto wamembakiza kule.

Nikajaribu kumweleza kwamba kituo cha huku kinaiona rekodi yake, ataendelea na dawa bila kuulizwa maswali. Lilelile nililokuwa nikijivunia.

"Kwa hiyo na huku wananiona?"

"Wahudumu peke yao, Zaina."

"Na kule si walikuwa wahudumu?" Kisha akasema polepole, "Nifute, dada. Unifute kabisa."

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia namba nimeiondoa Ijumaa na kuweka ya kituo, ila yeye mwenyewe siwezi kumfuta. Akageuza uso.

Mama yake ndiye aliyeinuka. "Dawa umeleta?" Akazipokea, akammegea mwanawe tonge la bada, akasimama mbele yake. "Kula kwanza." Zaina akala. Akameza kidonge akitazama ukuta.

"Sasa wewe nenda, mwanangu," mama akaniambia, bila ukali. "Kituoni nitampeleka mimi."

Hakunisamehe mtu. Sikwenda kuomba hilo, au labda nilikwenda kuomba hilo hasa.

Gari lilipokuwa likipanda kuelekea Soni ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijamwambia yeyote. Wapo wengine. Wanawake wasio na simu, mafaili yaliyokuwa juu ya meza ileile, namba nilizookota kwenye kadi za zamani ili kisanduku kisibaki wazi. Siwakumbuki wote.

Kesho nitamsubiri mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, mlangoni, nimwambie ujumbe usitoke hata mmoja, na kwa nini. Kisha nitafungua faili moja baada ya jingine.

Sijui kati ya wanawake hao nitamkuta nani bado yuko nyumbani kwake.